Mafuta ya Kukamulia Ndani ya Bomba la Risasi

Majirani zangu pale Kware, Nairobi, wanajua mimi ni fundi wa cherehani. Sijawahi kuwasahihisha. Nikitoka kanisani Jumapili, kabla sijafika ghorofa ya tano ninakoishi, lazima mlango mmoja ufunguke na mtu atoe kichwa: "Niaje fundi! Hii mashine yangu inanikatia uzi, si unicheckie tu kidogo?" Basi nakaa hapo kwenye ngazi na nguo zangu za kanisani, nairekebisha, napewa chai, naenda zangu. Kazi yangu ya siku zingine hawaijui, na heri wasiijue. Mtu anayeishi kwenye jumba lenye milango kama mia moja hatangazi kwamba anatengeneza bunduki.

Na wala siwadanganyi. Miaka minane nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, na kilipofungwa nikaenda kuomba kazi kwenye karakana yenye leseni ya kutengeneza bunduki, huko Viwandani. Tulikuwa wanne, mimi na wanaume watatu. Mwenye karakana, ambaye ndiye bosi wangu hadi leo, alituwekea mezani bunduki tupu ya marisau, ile inayojipakia yenyewe, akatuambia tuseme inaumwa nini bila kuifungua. Wenzangu waliitazama. Mimi niliivuta na kuiachilia mara nne, sikio langu karibu. "Inachelewa kupokea," nikasema. Nikapata kazi, na mpaka sasa sina hakika kama nilijua au nilibahatisha.

Bunduki hii, kwa asiyeijua, ina bomba chini ya mtutu. Risasi unazisukuma humo kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, ukishindana na springi ndefu iliyo ndani. Kila risasi ikiingia, kikomeo kidogo tunachokiita ulimi huikamata isirudi. Ukifyatua, ulimi unaachilia risasi moja, springi inairudisha nyuma, kijiko kinaiinua, nayo inaingia kwenye chemba. Ukitaka kuzitoa bila kufyatua, unaubonyeza ulimi nazo zinakutelezea mkononi moja moja hadi bomba liishe. Hapo hakuna jipya kwa mtu wa cherehani. Kimoja kinaingia kwa zamu yake, kingine kinatoka kwa zamu yake, na ugonjwa karibu wote hukaa hapo katikati.

Kinachonichemsha kwenye kazi hii ni wenye bunduki. Wanadanganya. Mtu anakuletea chombo ambacho amekichokonoa kwa bisibisi, kisu na pengine uma wa jikoni, halafu anakuambia, "Haijaguswa, fundi. Ilianza tu yenyewe." Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alilisema hilo tangu tukiishi Mowlem, nikiwa bado sijaanza shule, na umri haujanipunguzia kitu. Nikiambiwa "haijaguswa", huwa nahesabu hadi kumi. Mara nyingi sifiki saba.

Mzee mmoja aliingia Jumanne moja asubuhi. Mrefu, amenyooka, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, bunduki imo ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Niliangalia mshono wa ule mfuko, kwa mazoea, na haukuwa umepinda hata mahali pamoja. Niliupenda mshono kabla ya kumpenda mwenyewe. Nyuma yake alikuja mkewe, mama mfupi mwenye kilemba cha bluu na mkoba mkubwa mweusi, akasimama mlangoni.

"Mimi nitakaa hapa nje," mama akasema. "Hilo dude sitaki kuliona."

Alitaka kufunga kilemba chake vizuri, akamnyooshea mumewe mkoba. Mzee akautazama bila kunyoosha mkono.

"Weka kwa benchi, Mama. Nishike mkoba, watu wanione?"

Mama akauweka kwenye benchi, akafunga kilemba, akacheka peke yake. Ilionekana ni jambo la miaka mingi kati yao.

Mzee alinieleza shida yake akiwa wima, mikono mgongoni. Alikuwa mtu wa reli, kazi yake ilikuwa kuvuta ishara za kuruhusu na kusimamisha treni, hadi alipostaafu. Nyumba yao iko Komarock, na mbele huko, kando ya barabara ya Kangundo, wana shamba dogo la kuku na mbuzi. Zamani fisi walikuwa wakimsumbua, akaomba leseni, akapewa. Tangu hapo alikuwa amefyatua mara chache sana, zote hewani, na fisi wakaelewa.

Kila leseni inapohuishwa, mwenye bunduki husimama mbele ya pipa la mchanga, mtutu ukielekea mchangani, akapewa risasi bandia tatu za plastiki azipakie na kuzitoa mbele ya ofisa. Miaka yote mzee alikuwa amelifanya hilo bila tatizo. Safari hii alipakia tatu, akabonyeza ulimi, zikatoka mbili.

"Nikamwambia zimeisha," mzee akasema.

"Halafu?"

"Akasema, 'Mzee, nilikupa tatu.' Akabonyeza yeye mwenyewe. Ile ya tatu ikatoka polepole, polepole, kama mtu anayetoka kuoga."

Ofisa hakumgombeza. Alimpa mwezi mmoja. Apeleke bunduki kwa fundi, alete barua inayosema kwamba inafanya kazi sawasawa na kwamba fundi amemwona mwenyewe akiipakia na kuzitoa risasi zote. Bila barua hiyo, bunduki itaingia stoo ya serikali na leseni itafutwa. Barua yenyewe ingesainiwa na mimi na bosi. Nilielewa uzito wake, kwa sababu risasi ambayo mtu anadhani haipo ndiyo inayoua watu majumbani. Nyingine mtu huziogopa.

Nilifungua bomba palepale. Lilikuwa limejaa uchafu laini wa rangi ya manjano uliochanganyika na vumbi jekundu, na katikati yake kijinyoya cha kuku. Springi ilikuwa inatembea humo kwa taabu. Uchafu ulikuwa na harufu niliyoijua vizuri, lakini sikuikumbuka ni ya nini, na jambo hilo lilinikera siku nzima.

"Mzee, ulipaka nini humu ndani?"

"Mimi? Haijaguswa."

Nikahesabu. Nilifika nne, lakini nikamwangalia alivyosimama, nikanyamaza. Nikasafisha bomba, springi, ulimi na kijiko, nikapaka mafuta mepesi tone moja panapostahili kupakwa, nikapakia risasi bandia tano. Zikaingia. Nikabonyeza, zikatoka tano, haraka, bila kusitasita. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikamwambia ajaribu mwenyewe, akasema hapana haja, ameona kazi ya fundi. Bosi hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo barua tukaiahirisha. Nashukuru Mungu bosi hakuwepo, maana jinsi nilivyojivunia ningeisaini.

Alirudi baada ya wiki moja kuchukua barua, mkewe akakaa tena nje. Safari hii bosi alikuwepo, na bosi ni mtu wa taratibu. "Mzee, tuonyeshe kidogo," akasema.

Mzee akaiweka bunduki mezani, akachukua risasi bandia. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia nusu, ikarudi. Akaisukuma tena, ikarudi tena, ikamtoka mkononi na kubingirika chini ya meza. Nikainuka, nikaichukua bunduki, nikafungua bomba. Yale mafuta ya manjano yalikuwa humo tena.

Hapo sikuhesabu hata moja.

"Mzee, mimi si mtoto mdogo! Nimekaa hapa asubuhi nzima nikisafisha hili bomba, umeenda nyumbani umelijaza tena, halafu unakuja kuniambia haijaguswa? Kama hutaki itengenezwe, iache hapa tuipeleke stoo leo!"

Mkewe aliinuka kwenye benchi akachungulia. Bosi akanishika bega. Mzee alibaki wima vilevile, macho yake ukutani, na mimi nikaona aibu kidogo, ingawa sikuwa tayari kuikubali.

Ili nijishughulishe na kitu, nikaitoa springi yote na kuipima. Ilikuwa ndefu kupita kiasi na nene, ya bunduki nyingine kabisa.

"Hii springi si yake," nikasema.

"Si yake," mzee akakubali, kwa sauti ya chini. Mwaka uliotangulia bunduki ilikuwa inachelewa kupokea, akaipeleka kwa fundi mwingine, naye akaona dawa ni springi yenye nguvu zaidi.

"Na ile ya zamani iko wapi?"

Hapo akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Ipo," akasema.

Kesho yake aliileta ndani ya kopo la kakao. Ilikuwa imefungwa kwa uzi, na kwenye uzi kulining'inia kikaratasi kigumu kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri ajabu: siku ilipotolewa, sababu ya kutolewa, jina la kifaa kilichochukua nafasi yake. Kumbe watu wa reli ndivyo walivyofunzwa. Chochote kinachotolewa kwenye mashine hakitupwi, kinaandikwa na kuhifadhiwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hasira zote zikaniisha. Mtu anayeweza kuitunzia springi yake mgonjwa karatasi ya namna ile, huwezi kumchukia.

Nayo springi haikuwa mgonjwa hata kidogo. Niliiosha ikawa nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Shida ya mwanzo ilikuwa bomba chafu tu, bomba lililohitaji kitambaa na dakika kumi. Yule fundi mwenzangu aliona risasi zinachelewa, akaongeza nguvu mahali palipotaka usafi. Nikairudisha springi ya zamani. Mzee akapakia ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa shida. Akasimama, akapangusa paji la uso.

"Leo nimechoka," akasema. "Njoo nyumbani Jumapili, utaniona nikifanya nikiwa nimetulia."

Jumapili hiyo nilikwenda Komarock baada ya ibada, risasi bandia tano zimo kwenye mkoba pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo. Nyumba yao ina baraza ndogo yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni katikati ya magoti, akipukuchua mahindi ya kuwapelekea kuku. Alinikaribisha, akaniletea chai na viazi vitamu, akarudi kwenye beseni lake. Mzee akaitoa bunduki kwenye sefu, tupu, akaiweka juu ya meza, mtutu ukielekea kwenye ukuta wa ua, pasipo na mtu.

Nilimwangalia mkono safari hii. Sijui kwa nini sikuwa nimeuangalia tangu mwanzo. Fundi mzima, nimetazama springi, ulimi, kijiko, mpaka nyoya la kuku, nisitazame kidole. Risasi ya kwanza ilipita. Ya pili, kidole gumba kilitetemeka. Ya tatu kilipinda pembeni kwenye kiungo, risasi ikarudi, na mzee akafumba macho kwa maumivu kisha akayafumbua haraka ili nisione.

Mama alikuwa hatazami. Aliendelea kupukuchua, akiongea.

"Fundi, hebu nikuulize wewe unayejua mambo. Huyu mzee anakula mafuta?"

"Mafuta gani, Mama?"

"Ile yangu ya kukamulia. Mimi hupaka miguu na midomo, kopo moja hunitosha miezi. Siku hizi nanunua leo, wiki ijayo kopo tupu. Na ng'ombe hatuna!"

Nikaufungua mkoba wangu mwenyewe. Kando ya Biblia kulikuwa na kikopo kidogo cha mafuta hayohayo, maana nani Nairobi hii ambaye hana? Tunayanunua ya chuchu za ng'ombe, tunayapaka visigino, midomo, watoto, bawaba za milango. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Ndiyo ile harufu. Nilikuwa nimezunguka nayo karibu wiki mbili begani mwangu.

Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama mzee nikashindwa.

"Ni kidole," akasema. Alikiweka juu ya meza, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Hii mikono imevuta ishara miaka thelathini na moja. Zile nondo zilikuwa nzito. Kidole kilianza kuuma zamani, nikakiacha. Ile springi mpya ilipowekwa, kikakataa kabisa. Nikasema nikipaka risasi mafuta, zitateleza zenyewe."

Sasa mambo yote yalijipanga mbele yangu. Bomba chafu likaleta springi kali, springi kali ikamuumiza kidole, kidole kikaleta mafuta, mafuta yakakamata vumbi na manyoya, na risasi ya mwisho ikabaki humo imenata, mtu akidhani hakuna kitu. Kila mmoja alikuwa ametibu jeraha la mwenzake.

"Mzee," nikasema, "springi yako ya zamani imerudi, na bado kidole hakiwezi. Sitasaini barua."

"Najua."

"Pale kwenye pipa ulijua zimebaki. Ulipewa tatu, wewe mtu wa kuhesabu mabehewa. Kwa nini ulisema zimeisha?"

"Nilitaka ziishe, fundi," akasema.

Iliniuma, nitasema ukweli. Ningependa awe mwongo kama wale wengine, nimfokee, nirudi Kware. Akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na mkewe zaidi kuliko mimi. Alisema si habari ya fisi. Fisi hata mbwa watawafukuza. Ni kwamba miaka yote ile ya reli, watu walilala ndani ya treni usingizi mnono kwa sababu yeye alikuwa macho na mkono wake haukukosea. Alipostaafu hakuna aliyemhitaji kwa kitu cha hatari tena. Halafu akapewa leseni. "Wakaniangalia wakasema, huyu mkono wake tunauamini. Kila mwaka wakaandika tena. Sasa nitaenda kuwaambia nini?"

Mama alikuwa ameacha kupukuchua. Akaondoa beseni, akapangusa mikono kwenye leso, akaja mezani. Aliiangalia bunduki kwa jicho baya, kama mtu anavyomwangalia jirani mgomvi.

"Hiki kidude kinasukumwa namna gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akachukua risasi bandia moja, akaigeuza, akaiweka kwenye mlango wa bomba, akasukuma kwa kidole gumba. Ulimi ukalia: ta. Akachukua ya pili. Ta. Ya tatu, ya nne, ya tano. Hakukunja uso wala kukaza bega. Kidole kilikuwa kinafanya kazi ileile kilichokuwa kikifanya dakika moja kabla, kusukuma punje mbele, moja baada ya nyingine, kama kilivyofanya tangu akiwa msichana kwao huko magharibi. Nikamwonyesha kubonyeza ulimi. Akakinga leso, zikamwangukia humo, naye akazihesabu kwa sauti hadi tano.

"Ndiyo hii inamshinda?" akaniuliza, kisha akajishika mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mzee akainuka, akashuka baraza, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia kule akiwasalimia kuku watatu wanaofugwa pale nyumbani. Mama akakaa kwenye kiti cha mumewe.

"Mimi silipendi hili dude," akaniambia. "Tangu liingie nyumbani silipendi. Lakini kuliko liwe kwa mtu ambaye kidole kinamuuma na hasemi, heri liwe kwangu."

Nikala kiazi. Mzee alikaa huko nyuma muda wa kutosha viazi kuisha, na nilikuwa naanza kukusanya vitu vyangu aliporudi, akasimama kwenye ngazi ya baraza, mikono mgongoni.

"Tena," akamwambia mkewe. "Na simama vizuri. Mtutu usiuache uelekee mlangoni hata kama ni tupu."

Kubadilisha leseni ya bunduki kutoka mtu mmoja hadi mwingine si mchezo, hata wawe mume na mke. Mzee alikwenda mwenyewe kueleza, bunduki ikaletwa karakana kwetu ikae kwenye chumba cha chuma, na mama akaanza kuzungushwa: fomu, picha, alama za vidole, mahojiano, daktari. Ilichukua miezi. Kila Jumamosi asubuhi walikuja wote wawili, na mama sasa hakukaa nje. Alifanya mazoezi kwenye meza ya nyuma kwa risasi bandia, mzee akimsimamia.

Alikuwa mwalimu mkali kupindukia. Kila jambo lazima lisemwe kwa sauti kabla ya kufanywa, kama walivyofanya reli. "Napakia moja." "Napakia mbili." Mama akisahau kusema, anaanza upya. Siku moja alirudishwa mwanzo mara sita, akaweka risasi chini, akasema, "Wewe mzee, kama treni zote zilikuwa zinakungoja hivi, watu walikuwa wanafika lini?" Bosi alitoka nje ili acheke vizuri. Mzee mwenyewe alikaza uso, lakini nilimwona mdomo unamcheza.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia kila Jumamosi. Ukimaliza kutoa risasi, usiliamini jicho. Ingiza kidole kidogo ndani ya bomba, uguse kile kikombe cha chuma kinachofunika ncha ya springi. Ukigusa chuma baridi, hapo ndipo useme imeisha. Alilisema kwa ukali ambao haukuwa wa mkewe. Mimi nilijua anayeambiwa ni nani, na nadhani mama pia alijua, kwa sababu kila mara aliitikia, "Sawa, Mzee," bila utani.

Na mafuta ya kukamulia yakapigwa marufuku mezani. Mama alinawa mikono kwa sabuni kila alipofika, nami nikaweka kikopo changu ndani ya droo nikaifunga. Kidole cha mzee nacho kikapelekwa kliniki hatimaye, kikafungwa kibao, akapewa mazoezi ya kukinyoosha ambayo mama humsimamia nyumbani, kwa kulipiza kisasi, akitaka kila zoezi lisemwe kwa sauti.

Siku ya ukaguzi niliomba ruhusa kwa bosi nikaenda nao. Barua nilikuwa nimeisaini mwenyewe, na nilikuwa na hofu kuliko siku niliyoomba kazi. Niliogopa mama atashikwa na woga, niliogopa springi, niliogopa kila kitu. Ofisa alikuwa yuleyule. Aliwatambua, akasalimia, akachukua risasi bandia tatu akampa mama.

Mama alikuwa na mkoba begani. Kabla hajaomba, kabla hajageuka hata, mzee alinyoosha mkono akauchukua.

Mama akasimama mbele ya pipa la mchanga. "Napakia moja," akasema, na chumba kizima kikamgeukia. "Napakia mbili. Napakia tatu." Ta, ta, ta. Akavuta pumzi. "Natoa." Zikatoka tatu, akazipanga kwenye ukingo wa pipa. Ofisa alikuwa ameshaanza kuandika, lakini mama hakuwa amemaliza. Aliinamisha kichwa, akaingiza kidole kidogo ndani ya bomba, akitafuta. Nilimwona mzee midomo ikitembea pamoja naye.

"Nimegusa," mama akasema. "Imeisha."

Ofisa akaja, akaichukua bunduki, akabonyeza ulimi yeye mwenyewe kama siku ile. Tukangoja. Hakukutoka kitu. Akabonyeza tena, akainua kichwa, akamtazama mama, kisha akamtazama mzee aliyekuwa wima kando ya ukuta, suti ya kijivu, kibao kwenye kidole, mkoba mkubwa mweusi umening'inia mkononi.

"Na wewe, Mzee? Hii bunduki si ilikuwa yako?"

"Ilikuwa," mzee akasema. Kisha akauinua ule mkoba juu kidogo, watu wote wamwone. "Leo mimi nimeshika mkoba."